Geti Lisiloitikia Hodi

Muhula uliopita nilipata alama nzuri kwa uhakiki uliokosea. Kosa halikuwa la tahajia wala la marejeo. Nilihakiki geti la nyumbani kwetu Mbagala, nikalisifu kwa kurasa 12, na wiki niliyorudishiwa karatasi yangu ikiwa imeandikwa "kazi safi" pembeni, Bibi alikuwa amemaliza karibu miezi minne bila kuzungumza na rafiki yake anayekaa nyumba ya nne kutoka kwetu. Katika muda huo walionana mara moja tu, msibani. Hawakuwa wamegombana. Kilichowatenganisha ni kile nilichokisifu.

Swali la kozi lilikuwa jepesi: chagua kazi moja ya sanaa isiyo kitabu, uihakiki kwa fani na maudhui kama tulivyozoea tangu sekondari. Wenzangu wakachagua kanga, maandishi ya daladala, ngoma za harusi. Wawili walichagua milango ya Zanzibar. Mimi nikasema geti. Darasa likacheka, na mwalimu akauliza swali la haki kabisa: "Sanaa iko wapi hapo?"

Nilikasirika kidogo, maana geti lile nilikuwa nimelitengeneza kwa mikono yangu, na kovu dogo la cheche lilikuwa bado bichi kwenye kifundo cha mkono. Karatasi ile niliiandika kwa hasira hiyo. Labda ndiyo sababu ilisomeka vizuri.

Milango ya Zanzibar ina bahati ya wahakiki. Mji Mkongwe uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, Lamu ikafuata mwaka 2001, na mgeni akishuka boti hachelewi kuonyeshwa mlango. Tumefundishwa kuusoma: mfaa wa katikati unaofunika mwanya wa mbao mbili, maandishi ya Kiarabu juu ya kizingiti, minyororo iliyochongwa kwenye fremu, samaki, mayungiyungi, mitende. Hata njumu za shaba zina kisa chake. Husimuliwa kwamba asili yake ni India, ambako ncha zile zilikusudiwa kumzuia tembo asisukume mlango kwa kichwa. Mji Mkongwe hapakuwa na tembo wa kuvamia nyumba ya mtu. Woga wa kwingine ulivuka bahari, ukafika ukawa pambo.

Hoja yangu ya kwanza ilikuwa kwamba geti la Dar es Salaam linafanya vilevile. Tazama mikuki iliyopangwa juu yake. Mingi hununuliwa dukani ikiwa tayari, mingine ni butu kiasi kwamba njiwa hutua juu yake bila wasiwasi. Tazama simba wawili wanaotazamana, tai aliyekunjua mabawa, maua ya chuma yaliyojikunja kama mikia ya vinyonga. Na tazama maandishi ya "Mbwa Mkali". Nyumba nyingi nilizoingia zenye maandishi hayo hazikuwa na mbwa. Maneno yale ni njumu zetu. Kama tunamsifu fundi wa mbao kwa kuugeuza woga kuwa urembo, kwa nini fundi wa kuchomelea tunamwita mtu wa vyuma tu?

Hoja hiyo bado naiamini. Nilipokosea ni baada ya hapo, na ili nieleze kosa lenyewe lazima nieleze geti lilivyotengenezwa.

Mwaka juzi, mwezi wa nane, watu waliingia uani usiku, wakaondoka na pampu ya kisima, sufuria mbili na nguo zilizokuwa kambani. Uzio wetu siku hizo ulikuwa wa michongoma. Mama ndiye aliyeamka na kukuta bomba limekatwa. Kwa wiki kadhaa hakulala vizuri. Alikuwa akiamka saa nane kuhesabu vitu. Fedha za kikoba zilipotoka akajenga ukuta wa tofali, na ukuta ulipokamilika pakabaki uwazi wa mita tatu na ushee unaosubiri geti. Bei ya karakana ilimshinda. Kaka yake, ambaye alichomelea vyuma maisha yake yote na bado ana mashine yake, akasema tutalitengeneza hapo hapo nyumbani, kwa sharti kwamba mimi niwe kibarua.

"Mjomba, chukua likizo yako uje ujifunze kazi," alinipigia simu. Kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo pande zote mbili.

Nilikwenda mwezi wa pili. Tulilaza paipu za mraba juu ya matofali chini ya mwembe na kupima vipande viwili, kila kimoja mita 1.5 kwa upana na mita 2 kwa kimo. Mjomba akavuta tepu kutoka kona hadi kona. "Lazima isome mbili na nusu. Ikisoma kingine, geti ni la mlevi." Ni ile kanuni ya tatu, nne, tano ambayo mimi niliifanyia mtihani nikaisahau na yeye hajawahi kuisoma popote. Kisha hatukuchomelea kona moja kwa moja. Tulizishika kwanza kwa nukta moja moja, tukapima tena, ndipo tukajaza kwa kuruka: kona hii, kisha ya mkabala wake. Chuma kilichochomwa kikipoa husinyaa na kuvuta upande wake. Ukimaliza kona moja yote kwa mkupuo, fremu inapinda huku unaitazama.

Siku ya kwanza nilichungulia mwanga mara tatu bila kioo. Mchana sikuhisi kitu. Usiku macho yakawa kama yametiwa mchanga wa moto, nikalala na kitambaa cha maji usoni huku Bibi akimlaumu mwanawe kwa sauti ambayo nyumba nzima ilisikia.

Kuchomelea kulichukua siku mbili. Kumalizia kulichukua siku tano, na hapo ndipo nilipoanza kumwona Mjomba kama msanii. Kila mshono wa chuma hufunikwa na gamba jeusi linalong'aa kama kioo. Ukilipaka rangi linapendeza. "Rangi itashika gamba," Mjomba aliniambia, "gamba litaachia chuma, na wewe utalaumu duka la rangi." Basi tuligonga kila gamba kwa nyundo ya ncha, tukasugua kwa brashi ya waya, tukasawazisha kwa grinda, tukapiga msasa, tukafuta mafuta kwa tina. Chini ya kila fremu tulitoboa matundu mawili madogo ili maji yanayoingia ndani ya paipu yapate pa kutokea, maana hewa ya pwani ina chumvi na geti huanza kuoza kwa ndani wakati nje bado linameremeta. Ndipo ikaja rangi nyekundu ya kuzuia kutu, mkono mmoja, halafu nyeusi, mikono miwili, asubuhi kabla jua halijapasha chuma.

Umbo lenyewe nililichora mimi. Mama alitaka geti lililozibwa, na mimi nilichora lililozibwa kuliko alivyotaka. Bati la duka lina futi 8 kwa 4, yaani kimo chake likilazwa ni mita 1.22, kwa hiyo kila kipande cha geti kilihitaji bati la chini na bati la juu, yakikutana nyuma ya mshikio wa katikati. Mjomba alipofika kwenye bati la juu alisimamisha mashine.

"Huku juu hutaki tuache nondo tu? Watu waonane."

"Hapana, Mjomba. Tuzibe."

Hakubishana. Kazi ilikuwa yangu kuichora na yake kuishika.

Juu ya bati, upande wa barabarani, nilipanga vyuma bapa vinane kwenye kipande cha kushoto na vinane kwenye cha kulia. Nadhani mnaona ninakoelekea. Mshororo wa shairi letu la mapokeo una mizani 16, nane kwenye ukwapi na nane kwenye utao, na pale katikati pana pumziko. Geti langu lilikuwa mshororo. Komeo lilikuwa pumziko. Hiyo ndiyo iliyokuwa roho ya karatasi yangu: kwamba geti la Mbagala lina arudhi yake, kwamba hadhira yake ni mpita njia, kwamba fanani wake hatii sahihi lakini mkono wake unajulikana kwenye mshono. Maneno hayo yote yalikuwa na ushahidi, na mwalimu aliyeuliza sanaa iko wapi akawa wa kwanza kuyasifu.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita nilikwenda nyumbani na karatasi yangu kwenye begi. Kabla ya hapo nilikuwa nakwenda Jumapili asubuhi, nakula, naondoka kabla foleni haijaanza. Siku hiyo nilifika alasiri, saa ya Bibi. Tangu nipate akili zangu, alasiri Bibi hukaa barazani kwenye kiti chake cha kamba.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Na wewe umekuja kufungiwa?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikamuuliza habari za rafiki yake.

"Anapita. Namjua kwa kandambili zake. Buruta, buruta, mpaka gengeni. Akirudi namsikia tena."

"Mbona humwiti?"

"Sauti yangu unaisikia wewe uliye hapa."

Enzi za michongoma, rafiki yake alipokwenda gengeni alasiri alisimama upande wa pili wa uzio na mazungumzo yakaanza bila mtu kumtembelea mtu. Bei ya dagaa, nani mgonjwa, mjukuu gani amefeli. Ilikuwa robo saa, wakati mwingine saa nzima, mmoja amekaa na mwingine amesimama na kikapu. Magoti ya Bibi hayamfikishi getini. Mwaliko rasmi hawakuwahi kuuhitaji, kwa hiyo hakuna aliyefikiria kuutoa.

Kesho yake nilikutana na yule bibi njiani, nikamwamkia na kumuuliza mbona ametususa. Akashangaa. "Nilipiga hodi mara tatu, mwanangu. Nikajua mmelala." Mara tatu ndiyo adabu, usipojibiwa unarudi. Wengine wasiojali adabu huokota jiwe wakagonga bati, na kweli nilipotazama niliona pale karibu na komeo rangi imeshabanduka, duara dogo lenye mikwaruzo. Bibi aliniambia jiwe lile humshtua moyo kila likigongwa.

Nilirudi kusoma karatasi yangu. Neno "hodi" halikuwemo hata mara moja katika kurasa 12.

Hapo nikaanza kuona kosa lilipo. Nilisema hadhira ya geti ni mpita njia, nikamweka barabarani akitazama vyuma bapa vinane na vinane. Nikasahau kwamba nyuma ya geti kuna mtu amekaa. Upande wa Bibi geti halikuwa na mizani yoyote. Lilikuwa bati jeusi lenye urefu wa mita 2, linalopata joto mchana na kulia mvua ikinyesha. Nilihakiki jalada nikadhani nimesoma kitabu.

Nililolisahau zaidi ni neno lililokuwa mbele ya macho yangu: baraza. Katika Mji Mkongwe na Lamu, baraza la nyumba ni benchi la mawe lililojengwa nje, ubavuni mwa mlango. Mlango ule mzito wenye njumu ulifungwa ili kulinda nyumba, lakini mwenye nyumba alimwachia mpita njia mahali pa kukaa, na hapo kahawa ilinyweka na habari zikapita. Kwa hiyo mlango wa Zanzibar haukuwahi kusimama peke yake. Ulisema "hapa si kwako" na baraza likasema "lakini kaa". Anayeukata mlango kwenye picha na kuuweka kwenye kalenda ameukata nusu sentensi, na wahakiki wengi, mimi nikiwemo, tumeisifu hiyo nusu.

Huku kwetu Mbagala baraza ni ukumbi wa mbele wa nyumba. Neno ni lile lile, watu wa kukaa ni wale wale, lakini mahali pamehama kutoka barabarani hadi uani. Kwa muda mrefu kuhama huko hakukuwa na madhara, kwa sababu uzio wa michongoma ulipitisha sauti na macho. Ukuta ulipokuja na geti lililozibwa likaja, baraza likabaki upande mmoja na waliolifanya baraza wakabaki upande mwingine. Lugha ya mtaani ililiona jambo hili zamani. Tunasema "mtoto wa geti kali" kwa kijana asiyejua mtaa wake mwenyewe. Msemo huo ni uhakiki mfupi kuliko wangu, na ni sahihi kuliko wangu.

Sitaki mtu anielewe vibaya kwamba geti ni ubaya na michongoma ni wema. Michongoma ndiyo iliyompitisha mwizi. Mhakiki anayekaa bweni lenye mlinzi hana haki ya kumcheka Mama aliyekuwa akihesabu sufuria saa nane za usiku. Nilipomwambia nataka kukata bati la juu alininyamazia siku nzima, kisha akauliza maswali matatu: mtu hataingiza mkono akafungua komeo? Geti halitakuwa jepesi? Na usiku watu si wataona kila kitu?

Nilimpelekea Mjomba maswali yale. Yalikuwa maswali mazuri kuliko ya mwalimu wangu, na mawili ya kwanza yalikuwa na majibu ya chuma. Komeo tulilitengenezea sanduku la bati nene lililochomelewa kwa ndani, ambalo mkono wa mtu aliye nje haulifikii. Uzito tuliukokotoa: bati la juu la kila kipande lilikuwa na kilo kama 11, na nondo 13 za mraba za milimita 12 tulizoweka badala yake zilikaribia uzito huo huo. Kati ya nondo na nondo pana sentimita 9. Bibi akikaa kwenye kiti chake, macho yake yanapita juu ya mshikio wa katikati na kufika barabarani. Nilikaa kwenye kiti hicho kwanza, kabla ya kuwasha grinda. Ningekaa hapo mwezi wa pili, tungeokoa bati na rangi.

Kukata geti lililokwisha kupakwa rangi ni adhabu. Cheche za grinda huruka moto, zikatua kwenye rangi na kuganda humo kama pilipili manga iliyosagwa, na baada ya siku chache kila chembe inaanza kutoa kutu. Mikono ya rangi tuliyoisubiri asubuhi tano iliungua kwa nusu saa. Tulipopaka tena, weusi wa kopo jipya haukufanana na weusi wa lile la zamani. Ukisimama jua la jioni unaona mpaka wake kama mstari wa maji kwenye ngalawa. Mizani yangu nayo imekufa. Vyuma bapa vinane bado vipo chini, lakini juu kuna nondo 13 kila upande, na 13 haiingii kwenye bahari yoyote ya ushairi niliyosoma.

Kama ningeandika ile karatasi upya, ningeanza na mtu asiye na ufunguo. Ningeuliza akifika anasimama wapi, sauti yake inafika kwa nani, na aliye ndani anajuaje kwamba aliyekuja ni mtu. Nadhani maswali hayo yanafaa hata kwa vitabu vingine tunavyovisifu kwa vina vyake, lakini huo ni mjadala wa siku nyingine, na safari hii nitakwenda taratibu.

Swali la tatu la Mama halikuwa na jibu la chuma. Jioni ikiingia yeye huchukua kanga kuukuu na kuifunga kwenye nondo kutoka ndani, pembe kwa pembe. Alasiri Bibi akikuta imesahaulika pale, humtuma mtoto wa jirani aifungue. Wakati mwingine hurushiana maneno kuhusu kanga hiyo, Mama akiwa jikoni na Bibi barazani, na rafiki yake Bibi akiwa amesimama nje na kikapu, ameshika nondo kwa mkono mmoja, akingoja wamalize ili aendelee na habari yake.

Mjomba ameshaniambia zile chembe za kutu tuzipige msasa kabla ya vuli.